Mkemia na Vitabu vya Kale vya Wahindi

Wazee wetu walisema, "Mwacha asili ni mtumwa." Walisema pia, "Ya kale hayanuki." Methali hizi tumezisikia tangu utotoni, nasi hatuna shaka nazo. Lakini hazituambii namna ya kuishika hiyo asili. Mtu aliyerithi vitabu vya babu zake avifanyeje? Avifungie sandukuni kwa kuwa vimepitwa na wakati? Avibusu na kuamini kila neno lililomo? Au iko njia ya tatu?

Swali hili lilizua mabishano makali katika Bara Hindi wakati nchi ile ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Wako waliodharau kila kilichoandikwa na wahenga wao, wakadhani kwamba elimu yote imetoka Ulaya. Wako na wengine ambao, kwa kuumizwa na dharau hiyo, walidai kwamba wahenga walijua kila kitu, hata mambo yaliyovumbuliwa jana. Katikati yao alisimama mtu mmoja mwembamba, mwenye afya dhaifu, akiwa na kitabu cha kale mkono mmoja na mizani mkono wa pili. Habari zake ndizo nitakazokusimulia, msomaji, kwani naamini zina faida kwetu sote.

Jina lake ni Prafulla Chandra Ray. Alizaliwa tarehe 2 Agosti 1861 katika kijiji cha Raruli, upande wa mashariki wa Bengal, sehemu ambayo leo ni nchi ya Bangladesh. Baba yake alikuwa mwenye mashamba na mpenda vitabu. Alipokuwa mvulana katika shule ya mjini Calcutta, mji uitwao Kolkata siku hizi, alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, ukamtoa shuleni kwa muda mrefu. Ugonjwa ule ulimwachia tumbo bovu maisha yake yote. Lakini pia ulimwachia tabia ya kusoma, maana kijana aliyelala kitandani hakuwa na rafiki ila vitabu vya baba yake.

Mwaka 1882 alishinda mtihani uliompa msaada wa masomo, akasafiri hadi Edinburgh katika Scotland. Huko alijifunza kemia, yaani elimu ya kujua vitu vimeundwa kwa nini na hubadilika kwa njia gani, na mwaka 1887 akapata shahada ya udaktari wa sayansi. Aliporudi kwao alitarajia kupewa kazi inayolingana na elimu yake. Haikuwa hivyo. Vyeo vya juu vya ualimu viliwekewa Waingereza. Mwaka 1889 Ray aliingizwa Presidency College katika Calcutta kwa daraja la chini, na mshahara wa rupia 250 kwa mwezi. Hakuacha kazi. Alijenga maabara yake polepole, akafundisha, akafanya uchunguzi. Mwaka 1896 alitangaza kwamba amepata fuwele za manjano kwa kuchanganya zebaki na tindikali ya nitriki iliyozimuliwa na maji. Fuwele hizo zilikuwa chumvi ya zebaki ambayo wataalamu hawakuitazamia, na kwa hiyo jina lake likajulikana Ulaya.

Basi mtu huyu ambaye mchana alishughulika na zebaki ya maabara, usiku alishughulika na zebaki ya vitabuni. Maana katika lugha ya Kisanskriti viko vitabu vingi vya kale vya uganga na vya madini, na zebaki imesifiwa mno humo. Ray alikuwa akiandikiana barua na Marcellin Berthelot, mkemia mkuu wa Ufaransa, aliyekwisha kuandika historia ya kemia ya Wayunani na ya watu wa zama za kati. Mfaransa huyo alitaka kujua Wahindi nao walikuwa na nini, akamtia Ray moyo aitafute habari hiyo. Ray akaanza kukusanya miswada iliyoandikwa kwa mkono. Mingine aliipata Kashmir, mingine Madras. Mingi ilikuwa imeliwa na wadudu, na wanakili walikuwa wamekosea maneno, hata ilimlazimu kulinganisha nakala moja na nyingine mstari kwa mstari, akisaidiwa na wanazuoni wa Kisanskriti. Mwaka 1902 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kiitwacho A History of Hindu Chemistry, na juzuu ya pili ikafuata miaka michache baadaye.

Yafaa sasa tutazame alivyovisoma vitabu hivyo, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo letu.

Tuanze na magadi. Kitabu cha tiba cha Susruta, ambacho ni cha kale sana, kinaeleza jinsi ya kutengeneza dawa kali ya kuchomea vidonda na uvimbe. Huchomwa miti fulani mpaka iwe majivu. Majivu hutiwa majini, na maji yale huchujwa mara 21, kisha huchemshwa. Hapo hupatikana magadi ya kawaida. Lakini tabibu akitaka magadi makali, huchukua mawe ya chokaa na makombe ya pwani, huyachoma mpaka yawe mekundu kwa moto, kisha huyatia katika maji yale. Dawa ikiwa tayari, huwekwa katika chombo cha chuma kilichofunikwa mdomo.

Msomaji asiyejua kemia ataona hapo desturi ya waganga tu. Ray aliona zaidi. Maji ya majivu yana magadi yaliyoshikamana na hewa ya ukaa. Chokaa iliyochomwa huinyang'anya magadi hewa hiyo, na yanayobaki ni makali kiasi cha kula ngozi. Chombo cha chuma ni chaguo jema, maana magadi makali hayakili chuma upesi. Na mdomo hufunikwa kwa sababu dawa ikiachwa wazi huivuta tena hewa ya ukaa, ikapoteza ukali wake. Kila hatua ina sababu.

Berthelot mwenyewe alipoyasoma maelezo haya alishangaa, akatia shaka. Alidhani kwamba sehemu ile haikuwa ya Susruta, bali iliongezwa na mtu wa baadaye aliyekwisha kujifunza kutoka kwa Wazungu. Ray alijibuje? Hakukasirika, wala hakusema kwamba taifa lake limetukanwa. Alifungua vitabu vingine. Akaonyesha kwamba njia ile ile imo katika maandishi ya Vagbhata, na tena katika maandishi ya Chakrapani, tabibu wa Bengal wa karne ya 11, zamani ambazo Wazungu walikuwa hawajafika Bara Hindi kufundisha kemia. Shaka ilijibiwa kwa ushahidi. Hiyo ndiyo heshima ya kweli kati ya wanazuoni.

Mfano wa pili ni wa madini ya zinki. Zinki ni madini yenye hila. Ukichoma shaba au risasi katika tanuri, madini huyeyuka na kukaa chini ya chungu. Zinki haifanyi hivyo. Hugeuka mvuke kwenye joto la digrii 907 za sentigredi, na joto la kuitenga na jiwe lake ni kubwa kuliko hilo. Kwa hiyo mara inapotoka katika jiwe huruka hewani, hushika moto, na hugeuka moshi mweupe. Mfua madini hubaki na chungu kitupu. Ndiyo sababu watu wengi wa zamani walitumia mawe ya zinki kutengeneza shaba ya manjano, lakini zinki yenyewe peke yake hawakuipata.

Kitabu kimoja cha Kisanskriti kiitwacho Rasaratnasamuccaya, cha karne ya 13 au ya 14, kinatoa maagizo. Jiwe lisagwe pamoja na manjano, utomvu wa miti, chumvi, masizi na vitu vinginevyo. Mchanganyiko utiwe katika chungu chenye umbo la biringani, chenye mrija mdomoni, kisha kipashwe moto mkali. Mwali utokao utakuwa wa buluu. Utakapogeuka kuwa mweupe, chungu kikamatwe kwa koleo, kiinamishwe, na madini yamiminwe. Njia nyingine ni kukielekeza chungu mdomo chini, juu ya chombo cha maji, na kuchoma moto kwa juu, ili mvuke ushuke na kuganda majini.

Ray aliisoma habari hii kwa jicho la mkemia. Utomvu na masizi vina ukaa, na ukaa ndio unaoiondoa zinki katika jiwe lake. Mwali wa buluu ni wa monoksidi ya kaboni inayowaka. Mwali mweupe ni alama kwamba mvuke wa zinki umeanza kutoka na kuungua. Aliyeandika maneno yale hakuwa akiota ndoto. Alisimama karibu na tanuri, akatazama rangi ya moto, akajua saa ya kutia koleo.

Ray alifariki tarehe 16 Juni 1944. Karibu miaka 40 baadaye, jambo kubwa lilitokea. Mahali paitwapo Zawar, kusini ya mji wa Udaipur katika Rajasthan, wachimbuzi wa mambo ya kale kutoka Bara Hindi na Uingereza walifukua tanuri za zamani. Vyungu vilikutwa vingali mahali pake, vimepangwa 36 katika kila tanuri, midomo ikielekea chini. Na umbo lake? La biringani, pamoja na mrija, kama kitabu kilivyosema. Watu wa Zawar walikuwa wakitoa zinki kwa wingi karne kadhaa kabla ya William Champion wa Bristol kupewa hati ya njia yake katika Uingereza mwaka 1738. Kitabu kilinena, mkemia akakielewa, na ardhi ikatoa ushahidi.

Hata hivyo, usidhani kwamba Ray alisifu kila alichokikuta. Vitabu vile vile vimejaa ahadi za kugeuza madini duni kuwa dhahabu na kumfanya mzee kijana. Ray alizieleza kama zilivyo, wala hakuzitafutia udhuru. Iko dawa nyekundu mashuhuri iitwayo makaradhvaja, ambayo hutengenezwa kwa zebaki, kiberiti na dhahabu. Watu waliiheshimu kwa ajili ya ile dhahabu. Lakini mkemia akiichunguza hukuta kwamba dhahabu hubaki chini ya chupa, na kile chekundu kinachopanda juu ni zebaki na kiberiti tu. Nasi leo twajua kwamba zebaki ni sumu inayoharibu figo na mishipa ya fahamu. Kuwa ya kale hakukuifanya iwe salama.

Tena Ray aliuliza swali lililowachoma wengi wa watu wake. Ikiwa wahenga walijua haya yote, kwa nini elimu hiyo ilififia? Ingekuwa rahisi kwake kuwalaumu wageni peke yao. Alitazama nyumbani kwanza. Alisema kwamba sababu kubwa ilikuwa mgawanyo wa watu kwa tabaka za kuzaliwa. Kazi za mikono, kama kufua chuma, kupaka rangi nguo na kuyeyusha madini, ziliachiwa tabaka zilizodharauliwa. Wenye kusoma hawakushika nyundo, na wenye kushika nyundo hawakufundishwa kusoma. Fundi aliendelea kutenda kama baba yake alivyotenda bila ya kuuliza "kwa nini", na msomi aliendelea kuuliza "kwa nini" bila ya kugusa kitu. Hata tabibu alikatazwa kugusa maiti, ingawa Susruta alikwisha kuagiza kwamba mwanafunzi wa upasuaji sharti auchunguze mwili. Mkono ulipotengana na akili, vyote viwili vilidhoofika. Maneno haya yalikuwa machungu, lakini yalitoka kwa mtu aliyewapenda watu wake.

Na mapenzi hayo hayakuwa ya maneno tu. Mwaka 1892 Ray alianzisha, kwa fedha chache za mfukoni mwake, karakana ya dawa ambayo mwaka 1901 ikawa kampuni ya Bengal Chemical. Hakuoa. Aliishi katika chumba kimoja cha chuo, mavazi yake yakiwa duni. Alipofika umri wa miaka 60 alitoa mshahara wake wa miaka iliyobaki kwa Chuo Kikuu cha Calcutta, utumike kwa ajili ya kemia. Mtu aliyewaambia wasomi wenzake wasidharau kazi ya mikono aliishika kazi hiyo yeye mwenyewe.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo kijana mmoja aitwaye Meghnad Saha, aliyezaliwa mwaka 1893 katika kijiji karibu na Dhaka. Baba yake alikuwa na duka dogo, na tabaka yao ilihesabiwa kuwa ya chini, hata katika bweni la wanafunzi alitengwa wakati wa chakula. Kijana huyo alikuja kuwa bingwa wa elimu ya nyota. Mwaka 1920 alitoa hesabu inayoonyesha jinsi mwanga wa nyota unavyotufahamisha joto lake, nayo yatumika duniani kote mpaka leo.

Saha alisimulia kisa ambacho Wahindi hawajakisahau. Aliporudi Dhaka, mwanasheria mmoja mzee alimwuliza amevumbua nini. Saha akaeleza kwa furaha. Mzee akamjibu kwamba hilo si jipya, limo katika Veda. Kila alipoeleza jambo, jibu lilikuwa ni lile lile. Mwisho Saha akauliza limo katika sehemu gani. Mzee akakiri kwamba yeye hajazisoma Veda, lakini anaamini kwamba yote yamo humo. Saha hakuishia kucheka. Alifungua vitabu vyenyewe, akavisoma kwa miaka mingi, pamoja na vitabu vya kale vya elimu ya nyota, wala hakuona ndani ya Veda uvumbuzi wa siku hizi uliodaiwa.

Kusoma huko kulileta faida. Baada ya Bara Hindi kupata uhuru, kulikuwa na kalenda nyingi mbalimbali nchini, na sikukuu moja ilifanywa siku tofauti hapa na pale. Mwaka 1952 serikali iliweka kamati ya kutengeneza kalenda, Saha akiwa mwenyekiti. Kamati ilikichunguza kitabu mashuhuri cha kale, Surya Siddhanta, ambacho kinahesabu mwaka kuwa na siku 365.258756. Tuipime hesabu hiyo. Ukiupima mwaka kwa kufuata nyota, kosa lake halifiki hata dakika nne. Watu wasiokuwa na darubini walikaribia ukweli kiasi hicho! Lakini majira ya mwaka hayafuati nyota, hufuata jua, na mwaka wa majira una siku 365.2422 hivi. Tofauti ni kama dakika 24 kila mwaka. Dakika 24 ni kitu kidogo, lakini haba na haba hujaza kibaba: katika miaka 1400 zimekuwa zaidi ya siku 23. Ndiyo sababu sikukuu ya Makar Sankranti, ambayo asili yake ni kushangilia jua linapogeuka kurudi kaskazini, hufanywa tarehe 14 Januari hivi, hali jua hugeuka tarehe 22 Desemba au karibu yake.

Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 1955, na kalenda mpya ya taifa ikaanza tarehe 22 Machi 1957. Saha hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwezi Februari 1956. Na watu wengi wanaendelea kufanya sikukuu zao kwa hesabu ya zamani, maana desturi ya ibada haibadilishwi kwa taarifa ya serikali. Lakini kosa limejulikana, na sababu yake imejulikana.

Sasa tazama, msomaji, jinsi mwalimu na mwanafunzi walivyofanya kazi moja. Ray alikuta katika vitabu vya kale ukweli uliosahauliwa, akautoa. Saha alikuta kosa lililoheshimiwa, akalitoa nalo. Hawakutumia njia mbili. Wote wawili waliuliza: kitabu kinasema nini hasa? Tukifanya kama kilivyoagiza, kitatokea nini? Hata Ray mwenyewe alipimwa vivyo hivyo, maana baadhi ya tarehe alizovikadiria vitabu vile zimesahihishwa na wataalamu waliomfuata, wala sifa yake haikupungua kwa hilo.

Huenda darasani mwako umo mwenzako Mhindi ambaye babu yake huvisoma vitabu hivi kwa ibada. Mheshimu, kwani kitabu cha dini kina kazi yake ambayo mizani haiwezi kuipima. Lakini wewe nawe una urithi. Bibi yako anajua majani ya kutuliza tumbo. Nahodha mzee wa pwani anajua nyota za kuongozea jahazi. Mhunzi anajua rangi ya chuma kilichoiva motoni. Usiyacheke mambo hayo, wala usiape kwamba yote ni kweli kabla ya kuyachungua. Chukua daftari, ukae karibu nao. Uliza ni majani gani, kiasi gani, huchemshwa muda gani, na nani aliyepona, na nani ambaye hakupona. Andika majibu kama yalivyo, hata yale usiyoyapenda, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.